Kioo cha Kijani

Rangi ya kijani siipendi. Fundi cherehani akikwambia hivyo, ujue rangi yenyewe anaijua vizuri. Nimeikata, nimeishona, nimeipiga pasi: sare za shule, vitambaa vya meza za maofisini, magauni ya wanakwaya. Kila aliyeivaa nilimwona kama ameazima nguo ya mtu. Mteja akiniletea kitenge cha kijani nampokea, nampa kigoda, halafu namwambia ukweli wake: mama, hii itakuzeesha. Wengine hununa wakaenda kwa mafundi wa sokoni. Waende salama. Mimi Otilia ndivyo nilivyo, na mtaa mzima wa Izia unanijua.

Kwa hiyo mdogo wangu Leonidas alipoingia uani akisukuma toroli, na ndani ya toroli kumelazwa kioo cha kompyuta ya zamani, vile vinavyoonyesha kila kitu kwa rangi ya kijani, alijua fika anamchokoza nani.

"Dada, usianze," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Sijaanza. Nauliza tu. Hicho ni nini?"

"Ndicho kioo cha kabati letu."

Hapo ndipo nilipoanza.

Kabati lenyewe lilikuwa limesimama sebuleni siku nyingi, refu kunizidi, fremu ya chuma na mbavu za mbao, limezibwa nyuma kwa bati. Leonidas aliliona la namna hiyo Tunduma, mpakani, kwenye ukumbi wa baa: unasimama mbele yake, unatumbukiza sarafu, unashika kijiti, na ndani ya kioo mtu mdogo anaanza kukimbia. Lile la Tunduma lilikuwa limetoka nje ya nchi likiwa zima. La kwetu alisema ataliunda kwa mikono yake. Tumboni ataweka kile kidude cha gemu cha kuchomeka kwenye televisheni, maana tangu biashara iachiwe huria vidude hivyo vilijaa kila duka. Mbele aliweka kijiti alichokitoa kwenye pampu ya baiskeli, na vitufe vya kengele za mlangoni. Kilichobaki kilikuwa kioo tu, na mahali pa kioo palikuwa na tundu tupu, linatutazama kila tulipokuwa tunakula.

Nami nilikuwa na sababu ya kukosa raha. Leonidas alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na si fundi wa kubahatisha. Watu walikuwa wanajenga miaka ile. Aliyepata chochote kwenye biashara ya mahindi alitaka geti, na aliyetaka geti la kujivunia alikuja uani kwetu, maana Leonidas alikuwa akichomelea suke la ulezi juu ya kila geti, kila punje mahali pake. Ukipita mitaani ukaona suke hilo, unajua hapo kuna mkono wa mdogo wangu. Halafu mwaka ule akaacha. Ghafla tu. Akasema umeme unakatikakatika, akasema amechoka na moshi, akauza mashine ya kuchomelea kwa kijana mmoja wa Namanyere, na alichopata chote akakitia kwenye kabati. Ikawa kabati hilo ndilo maisha yake. Watu wakilikataa, mdogo wangu hana kazi ya kurudia. Sasa mniambie, katika hali hiyo, mtu anachagua vipi kioo chenye rangi ya mlenda?

"Kimetoka wapi?" niliuliza.

"Kwenye ule mradi wa kilimo uliofungwa. Wanauza vitu vya ofisini. Kompyuta yake ilishaondoka, kikabaki hiki."

"Yaani wenye kompyuta yao wamekikataa."

"Dada."

"Na mradi umekikataa."

"Dada Otilia, kiangalie kwanza kikiwaka."

Nilikataa kukiangalia. Nilirudi barazani kwenye cherehani yangu nikashona kwa hasira, na nikishona kwa hasira nashona vizuri zaidi, ila uzi hukatika.

*

Niwaambie kitu kuhusu ukoo wetu kabla sijaendelea, maana bila hicho hamtanielewa.

Baba yetu alikuwa mhunzi kule Mpui. Alifua majembe na visu kama babu yake, na moto aliutazama usoni kila siku ya maisha yake, akisubiri chuma kifikie ule wekundu anaoutaka. Moto ukamla macho polepole. Kwanza aliacha kututambua tukiwa mbali, kisha akaanza kugeuza kichwa upande akimtazama mtu, kama kuku anayetafuta punje, na mwisho hakuona hata moto wenyewe. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa na Leonidas mgongoni na shamba mikononi. Basi mimi nikatolewa shule, nikapewa ncha moja ya fimbo, baba akashika ncha ya pili, na tukatembea hivyo, yeye nyuma mimi mbele, kwenda mnadani, kwenda kanisani, kwenda kwa wadeni wake wa majembe, mpaka Mungu alipomchukua. Wakati huo nilikuwa nimeshapita umri wa kurudi darasani. Mama akatuhamishia mjini, mimi nikajifunza cherehani kwa masista, na Leonidas akasoma mpaka kidato cha nne. Karo yake ilitoka kwenye cherehani hii hii. Silalamiki. Nimesema tu ili mjue.

Leonidas huyu nampenda kuliko ninavyomwonyesha. Ni mrefu, mpole, ana mzaha wa chini chini, na akila samaki aina ya migebuka huniachia kichwa kwa kuwa anajua nakipenda, ingawa naye anakipenda. Mtu kama huyo unamgombeza kwa sababu gani kama si kwa mapenzi?

Na mwaka ule nilimgombeza sana. Mzee Polikarp, mwalimu mstaafu wa jirani, alikuja kunilalamikia kwamba mdogo wangu siku hizi ana kiburi, anapishana na wazee njiani kimya kama jiwe, mpaka aamkiwe yeye. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Leonidas aliporudi nilimpa maneno yote niliyokuwa nayo.

"Umelelewa na nani wewe? Mzee mzima kama Polikarp akuamkie yeye?"

Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Nimekosa, dada," akasema. "Sitarudia."

Na kweli hakurudia. Wiki hiyo hiyo tulikuwa bombani, jua linashuka, akapita Faith, binti wa nyumba ya tatu, yuko kidato cha pili, mrefu kwa umri wake, amejitanda shali ya mama yake kwa ajili ya upepo. Leonidas akaweka ndoo chini. Akachuchumaa kidogo, akapiga makofi ya heshima taratibu, kama tunavyowaamkia wazee wetu huku Ufipa, akasema, "Shikamoo, mama."

Faith akabaki mdomo wazi. Bomba zima likaangua kicheko. Leonidas akashtuka, halafu naye akacheka, akasema wasichana wa siku hizi wanakua haraka, bora kuwaamkia mapema. Mimi nilijua ananijibu mimi. Niliona ananikomoa kwa yale maneno ya Polikarp, nikambebesha ndoo zote mbili mpaka nyumbani.

Ikawa ndiyo tabia yake. Alimwamkia muuza karanga. Alimwamkia kondakta wa basi la Namanyere, kijana wa miaka ishirini, na kondakta akaitika marahaba bila aibu. Flavian, fundi redio, rafiki yake wa tangu shule, akampa jina la Baba Paroko.

*

Flavian ndiye aliyeamua tufanye majaribio. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, na kuhusu kioo alikuwa upande wangu.

"Mshikaji, sikiliza," alimwambia Leonidas. "Vijana wa mjini wanataka rangi. Wameshaona video, wameshaona mpira. Ukiwawekea kijani watadhani umewaletea ugonjwa."

"Wataizoea," alisema Leonidas.

"Tusibishane. Jumamosi mchana umeme upo, tuvipange vioo vyote tuvione. Poa?"

Jumamosi hiyo meza yangu ya kukatia nguo ikaingizwa sebuleni bila ruhusa yangu, na juu yake Flavian akapanga vitatu. Cha kwanza, televisheni ndogo ya rangi aliyoitoa dukani kwake, mpya, bado ina karatasi ya plastiki usoni, aliyokuwa tayari kutukopesha. Cha pili, televisheni ya Mzee Polikarp, kubwa, ya picha nyeusi na nyeupe, imejengewa ndani ya sanduku la mbao lenye milango miwili na kufuli. Mzee alikuwa ameinunua zamani hata kabla matangazo hayajafika, akaitunza na kuifunika kitambaa mpaka yafike. Cha tatu, kile kijani cha mradi, kina mkwaruzo kwenye kidevu, na hakikuwa hata na spika.

"Tuanze na cha mzee," alisema Flavian.

Akachomeka. Televisheni ya Polikarp ikafikiri kwa muda mrefu, ikavuma, ikaonyesha picha ikipanda juu na kupanda juu bila kutulia, kisha ikatoa harufu ya kuungua. Flavian akaichomoa mbio na kuifunga milango yake kwa adabu. Tukakubaliana kwamba hatutamwambia mzee.

"Sasa kijani, tumalize hasira," nikasema mimi.

Kikawaka. Nikakiona kwa mara ya kwanza, na sikuwa nimekosea: weusi mtupu, na juu ya weusi mtu mdogo wa kijani kibichi, anakimbia, anaruka mashimo, anaokota matunda ya kijani, anafukuzwa na nyuki wa kijani. Kimya kabisa, maana sauti hakuna. Leonidas akakaa kwenye kigoda, akashika kijiti. Na nakiri alicheza vizuri ajabu. Mtu wake aliruka kila shimo, akapita kila nyuki, akafululiza mpaka nyumba ya mwisho ya mchezo. Leonidas alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo tangu aache kuchomelea.

"Umefanya mazoezi kwa siri," alisema Flavian. "Haya, sogea kwenye raha."

Akahamishia waya kwenye televisheni ya rangi. Ee, ndugu zangu. Mbingu ya samawati, mchanga wa manjano, matunda mekundu ya kuita mkono, na muziki juu yake, tinyi-tinyi-tinyi. Hata mimi niliyekuja kwa kisirani nilisogeza kiti. Niliwaza, hiki kikikaa kwenye lile tundu, Izia nzima itahamia sebuleni kwangu, na mdogo wangu atakuwa amepona.

Leonidas akacheza. Hapa hakuwa mahiri kama kwenye kijani. Alikuwa anachelewachelewa, lakini alienda. Kila shimo likikaribia muziki ulikuwa unabadilika kidogo, naye anaruka. Kila nyuki akija kulikuwa na mlio wake, naye anainama.

"Unaona?" nikamwambia. "Unaona lakini tofauti yake?"

Aliendelea kucheza. Muziki nao ulikuwa unanitoboa kichwa, na mimi nikitaka kusema jambo napenda nisikike. Nikanyoosha mkono, nikazungusha kitufe mpaka sauti ikazimika.

Mtu wake akatembea moja kwa moja akaingia shimoni.

"Bahati mbaya," alisema Flavian.

Akaanza tena. Shimo lile lile. Hata hakuruka. Akaanza mara nyingine, nyuki akaja pole pole, mkubwa, mwekundu, mtoto mchanga angemwona, na Leonidas akamngoja mpaka akamfikia usoni.

"Rudisha sauti, dada."

"Ya nini?"

"Rudisha tu."

Alisema kwa upole, anacheka kidogo, lakini vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye kijiti. Sikurudisha sauti. Nilikuwa nimeacha kuangalia kioo, nilikuwa namwangalia yeye. Alikuwa amegeuza kichwa upande. Alikuwa anaitazama ile televisheni kwa pembe ya jicho, kama kuku anayetafuta punje.

Faith bombani, kondakta, muuza karanga, Mzee Polikarp aliyepitwa njiani. Vyote vikaja pamoja na vyote vikakaa mahali pake, na nilitamani visikae.

"Flavian," nikasema, "kaka yangu, katuletee soda. Nenda duka la mbali, la karibu zao si baridi."

Flavian alinitazama, akamtazama rafiki yake, akaokota chupa tupu akaondoka. Nimeshasema ana moyo mweupe.

*

Nilikwenda jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda. Nikasikia Leonidas anakuja. Nikasikia pia mkono wake unavyosugua ukuta anapokuja, na nikajiuliza mkono huo umekuwa ukisugua ukuta wa nyumba yangu tangu lini bila mimi kuusikia.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alisimama mlangoni. Hakujifanya hajaelewa. "Ilianza nilipokuwa nachomelea geti la daktari mmoja. Nikadhani ni macho kuwaka kwa kila siku, nikaweka viazi."

Mafundi wa kuchomelea ndivyo wafanyavyo hapa kwetu. Wanavaa miwani ya jua ya mtumba badala ya ngao, macho yakiwaka usiku wanaweka vipande vya viazi mviringo, asubuhi wanarudi kazini. Nilimkatia viazi hivyo mimi mwenyewe mara nyingi.

"Safari hii havikusaidia," aliendelea. "Katikati pameingia doa. Pembeni naona. Mtu akisimama mbele yangu namwona mabega, uso siuoni. Rangi zimekuwa kama zimefuliwa mno. Kile cha kijani ndicho pekee nilichokiona vizuri, dada. Nilikuwa napita tu pale kwenye mradi wanapouza viti, wakakiwasha, nikaona herufi. Nikazisoma. Nilisimama pale nikasoma neno zima."

"Na mimi nikakuita mla mlenda."

"Hukuniita hivyo."

"Niliwaza."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilishika mwiko nikaupiga mezani.

"Kwa nini hukuniambia, Leonidas? Unalala nyumba moja na mimi, unakula chungu kimoja na mimi, unaamkia watoto njiani watu wanakucheka, kwa nini hukuniambia?"

"Ungechukua fimbo," alisema.

"Fimbo gani?"

"Unajua fimbo gani. Mama aliniambia yote. Ulikuwa wa kwanza darasani, mwalimu akaja mpaka nyumbani kukuombea, baba akalia, na bado ukatoka. Halafu ukanisomesha mimi. Dada, wewe ujana wako wote umekuwa macho ya watu. Nilijiapia mwenyewe, hata nikigonga miti, hutashika fimbo mara ya pili kwa ajili yangu. Nikasema, nikipata kazi ya kukaa mahali pamoja, watu wanakuja wenyewe, kioo nakiona, hakuna atakayejua. Wewe utabaki na cherehani yako."

Basi nikalia. Nililia kwa hasira, na kwa huruma, na kwa mapenzi, mpaka nikashindwa kuvitenganisha. Yeye akanyoosha mkono akanitafuta, akalipata bega langu.

"Nani aliyekwambia nilichukia ile fimbo?" nikamuuliza nilipopata sauti. "Shule niliililia, ndiyo. Bado inaniuma. Lakini baba sikumlilia njiani hata siku moja. Wenzangu walikuwa na baba wa jioni, amechoka, amenuna. Mimi nilikuwa naye kutwa nzima. Alikuwa ananiambia, mwanangu hapa pana mti wa mwerere, sikia majani yake, na pana mwerere kweli. Alinifundisha kujua mtu kwa hatua zake. Nilichokichukia ni watu kunionea huruma. Sasa na wewe umejiunga nao."

"Mimi sikuwa nakuonea..."

"Ulikuwa unanionea. Nyamaza."

Tulikaa jikoni hapo, mimi kwenye kinu kilichofudikizwa, yeye amechuchumaa kando yangu, mpaka tukasikia chupa za soda zinagongana uani.

Sebuleni Flavian alikuwa amesimama na soda zake, hajui aziweke wapi. Nilipita mbele yake nikaenda kwenye kabati, nikapima lile tundu kwa mkono wangu, shubiri kwa shubiri, kisha nikapima vioo. Cha rangi kisingeingia. Cha Polikarp ndiyo kabisa. Tundu lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha kile cha mradi tangu mwanzo, kabla hata hajakileta nyumbani. Mimi fundi wa vipimo nilikuwa nalitazama kila siku nikila ugali.

"Flavian," nikasema, "tunaweka cha kijani."

"Dada Otilia! Si wewe ndiye..."

"Nimebadili mawazo. Mtu haruhusiwi? Wewe kitafutie spika ya redio, kisiwe bubu. Na hiyo televisheni yako nzuri irudishe dukani, mimi sikopeshwi."

Kisha Leonidas mwenyewe akamweleza. Flavian alikaa chini akashika kichwa, akasema, "Na mimi nimekuita Baba Paroko," na ikabidi tumbembeleze yeye.

*

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Njiani hatukutumia fimbo. Nilitembea tu karibu yake nikiongea, na kuongea si kazi kwangu. Daktari wa macho akamchungulia muda mrefu, akasema doa halitatoka, lakini kilichobaki kinaweza kubaki akikaa mbali na moto. Leonidas akauliza kama kioo cha kijani kina madhara. Daktari akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, ila haoni ubaya.

Kabati likafunguliwa barazani, kando ya cherehani yangu. Vijana walikuja wakacheka, kama Flavian alivyosema. Wakauliza kama matunda yameoza. Halafu Leonidas akakaa kwenye kigoda akawaita mmoja mmoja, akawashinda wote, na kijana aliyeshindwa mbele ya wenzake hawezi kwenda nyumbani. Wakarudi kesho yake na wengine. Wakalibatiza kabati jina la Shambani. "Twende Shambani," utawasikia wanaambiana, na jasho linawatoka kama kweli wametoka kulima.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki. Jumapili baada ya misa, watu wakimwagika nje ya kanisa, Leonidas alikuwa anasimama ukutani peke yake akingoja niende kwake niseme neno, ndipo anijue. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu asiyengoja kitu. Sikuwahi kulitambua, na sasa nilipolitambua lilinichoma kila juma.

Basi nikaenda sokoni. Nikapitia vitenge vyote vya muuzaji wangu Bertilla, nikavikataa vya maua, nikavikataa vya samaki, nikachagua kimoja cha kijani kibichi kitupu, cha kupiga kelele. Bertilla aliniuliza ni cha mteja gani. Nikamwambia akunje tu. Nikakishona gauni refu na kilemba chake, nikajitazama kwenye kioo, na nilikuwa nimezeeka kama nilivyokuwa nawaambia wengine siku zote.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Uwanda wote umekauka, nyasi rangi ya vumbi, watu rangi ya vumbi, upepo unapuliza kanga usoni. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Nilipotoka kanisani, mama mmoja akanishika mkono akaniuliza mkutano wa chama uko wapi. Mwingine akasema, "Otilia! Wewe na kijani?" Nikatabasamu nikapita. Nikaenda kusimama katikati ya uwanja, katikati ya watu, nikafunga mdomo. Wanaonijua wanajua kazi hiyo ilivyokuwa ngumu.

Leonidas akatoka mlangoni, akasimama kwenye ngazi. Akageuza kichwa upande huu. Akakigeuza upande ule. Kikarudi, kikatulia.

Hakwenda ukutani. Alishuka ngazi, akaja, watu wakimpisha bila yeye kuwaona, na akiwa bado mbali, kabla sijatoa sauti yoyote, alichuchumaa kidogo, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitika.

Nimeshona magauni mengine tangu siku ile, yote ya rangi hiyo hiyo. Bado siipendi.